Arma 3: Kwa nini risasi ya mdunguaji hukosa shabaha kuanzia mita 600, ilhali chini ya hapo haikosi?

#1 Mlengaji_Ntinda

Habari zenu wanajukwaa. Nina swali ambalo limenisumbua kwa muda, na ninaliweka hapa kwa sababu ninaamini humu wamo wanaoufahamu mchezo wa kompyuta wa Arma 3 kwa undani. Ninatumia bunduki ya Mk18 yenye risasi za 7.62 mm, nikiwa nimelala kifudifudi, miguu ya bunduki imekunjuliwa na darubini imefungwa. Shabaha ya mita 300 ninaipiga bila taabu. Ya mita 400 vilevile, na ya 500 ninaipiga mara nyingi kuliko ninavyoikosa. Nikifika mita 600 mambo yanabadilika kabisa: risasi moja inatimua vumbi mbele ya shabaha, inayofuata inapita juu, nyingine inapita kando upande wa kulia, hali ya kuwa sijasogeza kipanya hata kidogo.

Rafiki ninayecheza naye anadai kwamba watengenezaji wameweka bahati nasibu ya makusudi ili umbali mrefu uwe mgumu. Mimi sikubaliani naye, kwa sababu sifa yote ya mchezo huu imejengwa juu ya uhalisia. Je, kosa liko katika hesabu ya mlengaji, katika upepo, katika kompyuta, au katika mchezo wenyewe?

#2 Kijana_wa_Bombo

Ndugu Mlengaji, jibu ni mvutano wa dunia. Risasi ya 7.62 mm hutoka mtutuni kwa kasi ya takriban mita 800 kwa sekunde, lakini hewa huanza kuipunguza kasi mara tu inapotoka, kwa hiyo huchukua karibu sekunde nzima kufika mita 600. Muda wote huo inaanguka. Kama darubini yako umeipanga kwa mita 300 halafu ukalenga kifua cha shabaha iliyo mita 600, risasi itatua takriban mita mbili chini ya pale ulipolenga. Bonyeza Page Up mpaka darubini isome 600, kisha ulenge katikati. Wengi hulisahau jambo hili kwa sababu katika michezo mingine ya bunduki risasi hufika palepale unapobonyeza.

#3 Mlengaji_Ntinda

Asante ndugu wa Bombo, lakini hilo ninalifanya tayari. Kila ninapobadilisha shabaha ninabadilisha pia mpangilio wa darubini. Isitoshe, mvutano wa dunia ungeziangusha risasi zote chini, na zangu nyingine zinapita juu na nyingine kulia.

#4 Upepo_wa_Mbale

Anayeona risasi zikikwenda kulia na bado anauliza sababu hajawahi kukaa chini ya Mlima Elgon mwezi wa Agosti. Ni upepo. Upepo wa mita 4 kwa sekunde unaovuma kutoka kushoto huisukuma risasi ya 7.62 mm kama sentimita 80 hivi kufikia mita 600, na kwa mita 300 msukumo huo ni mdogo sana, hauwezi kuitoa risasi nje ya kifua cha mtu. Ndiyo maana huoni tatizo kwa karibu. Athari ya upepo haiongezeki kwa uwiano wa umbali; umbali ukizidi mara mbili, msukumo huzidi zaidi ya mara nne, kwa kuwa risasi imeshachoka na inakaa hewani muda mrefu zaidi.

#5 Fundi_Wandegeya

Maelezo ya ndugu wa Mbale ni sahihi kwa bunduki ya kweli, lakini kwa Arma 3 yanahitaji kusahihishwa. Mchezo wenyewe, jinsi ulivyotoka Septemba 2013, unazo hesabu za mvutano wa dunia na za ukinzani wa hewa, ila upepo hauisogezi risasi. Upepo unaouona humo hutikisa majani na kupeperusha moshi, basi. Wanaotaka upepo uiguse risasi huongeza modi, yaani programu ya nyongeza kwenye mchezo, inayoitwa ACE, ambayo iliandikwa na wachezaji wenyewe na hutolewa bure. Hiyo ndiyo inayoleta upepo, joto, kanieneo ya hewa, na hata mzunguko wa dunia.

Kwa hiyo, ndugu Mlengaji, kabla hatujaendelea: unacheza ukiwa na ACE au bila ACE?

#6 Mlengaji_Ntinda

Kusema kweli orodha kamili sina. Mchezo wote, pamoja na modi zake, niliunakili kutoka kwa rafiki yangu kwa kutumia diski ya nje, kwa sababu faili zake ni makumi ya gigabaiti na kuzipakua kwa bando la simu ni gharama kubwa mno. Ninapoufungua ninaona modi nyingi zimewashwa.

#7 Fundi_Wandegeya

Basi hapo ndipo pa kuangalia. Ukiwa na ACE, darubini nyingi haziongezi tena mita 100 kila unapobonyeza Page Up. Zinaongeza sehemu moja ya kumi ya milradiani, yaani sentimita 1 kwa kila mita 100 za umbali. Mtu aliyezoea mchezo wa kawaida hubonyeza mara tatu akidhani ametoka 300 kwenda 600, kumbe ameinua risasi kwa sentimita 18 tu pale kwenye mita 600, ilhali anahitaji kuiinua kwa mita mbili. Nimewaona wateja wangu wengi wakilalamika kwamba mchezo umeharibika, na ukiwaonyesha hizo namba ndogo zilizo pembeni mwa skrini wananyamaza.

#8 Mwalimu_wa_Fizikia_Mbarara

Naomba niongeze jambo ambalo nyote mmelipita haraka. Mnadhani ndugu huyu anajua kwamba shabaha iko mita 600. Amejuaje?

Katika darubini yake kuna alama zinazopima kwa milradiani, na kanuni yake ni nyepesi: chukua urefu wa kitu kwa mita, zidisha kwa 1000, kisha gawanya kwa idadi ya milradiani kinazozijaza. Mtu mwenye urefu wa mita 1.8 akijaza milradiani 3, yuko mita 600. Sasa fikiria kwamba mtu huyo amepinda magoti kidogo, au amesimama nyuma ya ukuta mfupi na miguu yake haionekani. Anajaza milradiani 2.6, nawe unahesabu karibu mita 700. Unapanga darubini kwa 700, unafyatua, na risasi inapita zaidi ya nusu mita juu ya pale ulipolenga. Ulilenga kifua, imepita juu ya kichwa.

Kosa hilohilo la asilimia 15 kwa mita 300 halionekani, kwa sababu huko njia ya risasi bado imenyooka kiasi kwamba tofauti ya mita 50 haizidi upana wa kiganja au viwili. Hii inaeleza vumbi la mbele na risasi za juu kwa pamoja, bila kuhitaji upepo wala modi.

#9 Ssebo_wa_Masaka

Mwalimu, umenirudisha kwenye mtihani wa S4 (kidato cha nne). Nina swali la nyongeza. Nimesoma kwamba mzunguko wa dunia huipotosha risasi, na sisi Uganda tunapitiwa na mstari wa Ikweta pale Kayabwe, kwenye barabara ya Masaka. Je, si kweli kwamba hapa kwetu upotoshaji huo ndio mkubwa kuliko mahali pengine popote, kwa kuwa dunia huzunguka kwa kasi zaidi kwenye Ikweta? Huenda Wamarekani waliotengeneza mchezo huu walilizingatia.

#10 Mwalimu_wa_Fizikia_Mbarara

Swali zuri, ndugu wa Masaka, lakini sehemu yake ya kwanza iko kinyume. Upotoshaji wa kwenda kando, yaani kulia kwa walio kaskazini na kushoto kwa walio kusini, ni sifuri kwenye Ikweta na huwa mkubwa zaidi kwenye ncha za dunia. Kampala iko chini ya nusu digrii kaskazini mwa Ikweta, kwa hiyo upotoshaji huo hapa haupimiki.

Kilicho kikubwa Ikweta ni kitu kingine: ukifyatua kuelekea mashariki, risasi hutua juu kidogo, na ukifyatua kuelekea magharibi hutua chini kidogo. Kwa risasi ya 7.62 mm na umbali wa mita 1000, tofauti hiyo ni kama sentimita 10 hivi kwa kila upande. Kwa mita 600 ni ndogo zaidi, na hakuna mlengaji atakayeiona. Lakini ramani ya Altis inayotumiwa katika Arma 3 imeigwa kutoka kisiwa cha Lemnos cha Ugiriki, ambacho kiko karibu na digrii 40 kaskazini. Risasi ya ndani ya mchezo hufuata mahali pa ramani. Mahali ulipokaa wewe na kompyuta yako hapahesabiwi.

#11 Mpakani_Busia

Nisahihishe sehemu ya pili ya ndugu wa Masaka. Arma haikutengenezwa na Wamarekani. Ni kazi ya Bohemia Interactive ya Jamhuri ya Cheki, walewale waliotoa Operation Flashpoint mwaka 2001. Huenda unauchanganya na America's Army, ambao kweli ulitolewa na jeshi la Marekani kuanzia Julai 2002 kama njia ya kuwavutia vijana wajiunge, na ukafungwa mwaka 2022.

Kuhusu Lemnos kuna kisa ambacho wengi hawakijui. Septemba 2012 wafanyakazi wawili wa Bohemia walikamatwa kisiwani humo kwa tuhuma za upelelezi, kwa madai kwamba walipiga picha maeneo ya kijeshi. Wenyewe walisema walikwenda likizo. Walikaa rumande hadi Januari 2013 ndipo wakaachiwa kwa dhamana. Kwa hiyo anayedhani kwamba uhalisia wa ramani ile ni jambo jepesi na akumbuke kwamba kuna serikali iliyouona ni tishio.

#12 Afande_Mstaafu_Jinja

Nimesoma yote kwa makini. Mimi si mchezaji, ila mwanangu anaucheza, na nimekaa naye nikaangalia. Nilitumikia jeshi kwa miaka mingi na nimefundisha vijana kulenga, kwa hiyo nitasema ninachokijua na nitawaachia wataalamu wa kompyuta yanayobaki.

Kwanza, pumzi. Nimeona kwamba katika mchezo mnashikilia kitufe ili mtu azuie pumzi, kisha mnafyatua mwishoni, pumzi inapokaribia kuisha. Askari hafanyi hivyo. Unavuta pumzi, unaitoa, na baada ya kuitoa kuna kituo kifupi ambapo mwili umetulia wenyewe. Hapo ndipo unapovuta kifyatulio, taratibu, kiasi kwamba mlio unakukuta bado unavuta. Ukizuia pumzi kwa muda mrefu, macho yanaanza kufifia na moyo unadunda kwa nguvu, na msalaba wa darubini unaruka kwa kila pigo la moyo.

Pili, mdunguaji hafanyi kazi peke yake. Anakuwepo mwenzake mwenye darubini kubwa zaidi, na kazi yake ni kuangalia upepo, kupima umbali na kuona risasi imetua wapi. Mlengaji mwenyewe, bunduki ikimpiga bega, mara nyingi haoni risasi ilipokwenda. Ndugu Mlengaji anasema nyingine zimekwenda juu, nyingine kulia. Je, ameziona zikitua, au anakisia?

Tatu, ndugu wa Mbale asipuuzwe. Upepo wa pale ulipolala si lazima uwe upepo wa katikati ya njia. Tuliwafundisha vijana kutazama majani yaliyo katikati ya bonde, na mchana wa jua kali, kama kule Karamoja, kutazama mazigazi kupitia darubini: yakipanda wima, hewa imetulia, yakilala upande mmoja, upepo unakwenda upande huo. Sijaona kitu kama hicho katika skrini ya mwanangu.

#13 Mlengaji_Ntinda

Afande, shikamoo. Zile za vumbi ninaziona wazi kwa sababu vumbi linaruka. Zilizokwenda kulia nimeona alama ukutani nyuma ya shabaha. Zilizopita juu ni kweli ninazikisia, kwa kuwa sikuona alama yoyote chini wala kando.

#14 Akello_Gulu

Naomba nafasi ya kusema jambo. Sisi tuliokulia kaskazini katika miaka ya vita tunausikia mlio wa bunduki kwa namna nyingine. Kaka yangu mdogo aliniletea mchezo huu nyumbani na kunionyesha, kwa furaha kubwa, kwamba risasi inayokupita hupiga kelele kali kwanza, kisha mlio wa bunduki yenyewe unafuata baadaye. Alidhani ni ufundi wa kompyuta. Mimi niliujua mpangilio huo wa sauti kabla sijajua kusoma, na nilimwomba azime spika.

Siandiki haya ili kuwazuia mtu yeyote kucheza. Ninaandika kwa sababu mnajadili kama mchezo huu ni wa kweli, na kwa upande wa sauti ninaweza kushuhudia kwamba ni wa kweli kuliko ningependa.

#15 Mwalimu_wa_Fizikia_Mbarara

Pole dada Akello, na ahsante kwa kutueleza. Ulichokisikia kina sababu yake: risasi husafiri kwa kasi zaidi ya sauti, ambayo huenda takriban mita 340 kwa sekunde, na inapokupita huvuta wimbi lake lenyewe. Bunduki ikiwa mita 700, mlio wake hukufikia baada ya sekunde mbili, wakati risasi imeshapita kitambo. Mdunguaji hutegemea pengo hilo, kwa sababu anayelengwa husikia kelele ya wimbi upande usio na bunduki.

#16 Kompyuta_Kwetu_Arua

Wote mnazungumzia hewa na milima, hakuna anayeitazama kompyuta. Arma 3 inajulikana kwa kuielemea prosesa, hasa kiini kimoja, na kuongeza kadi ya picha hakusaidii sana pale prosesa inapozidiwa. Kompyuta za mitumba tunazonunua hapa, nyingi zikiwa mpakato za ofisi zisizo na kadi ya picha, zinaufungua mchezo huu kwa fremu 20 kwa sekunde, wakati mwingine pungufu. Fremu 20 maana yake kila picha inakaa milisekunde 50. Msalaba unaouona umetulia, kwa hesabu za mchezo umeshasogea. Kwa mita 300 msogeo huo mdogo haukutoi nje ya shabaha. Kwa mita 600 unakuwa maradufu, na shabaha yenyewe kwenye skrini imekuwa vitone vichache tu.

Mimi niliteseka na tatizo hilihili. Nilipopunguza umbali wa kuonekana mandhari na kuzima vivuli, nikaanza kupiga mita 700. Sikubadilisha chochote kingine.

#17 Kijana_wa_Bombo

Ndugu wa Arua, hoja yako ingesimama kama risasi zingetawanyika pande zote kwa usawa. Mbona hazitawanyiki kushoto? Mlengaji ametaja mbele, juu na kulia. Kompyuta dhaifu haichagui upande.

#18 Kompyuta_Kwetu_Arua

Mkono huchagua. Anayetumia kipanya kwa mkono wa kulia, anapobonyeza kwa kidole cha shahada, hukisukuma kipanya kidogo upande mmoja bila kujua. Fremu zikiwa nyingi unakiona na kukirekebisha. Zikiwa chache, risasi imeshatoka.

#19 Mchezaji_wa_Kabalagala

Nimewahi kucheza Sniper Elite tangu ile V2 ya 2012, na nadhani uzi huu unaweza kujifunza kitu kutoka huko. Mchezo huo wa Rebellion ya Uingereza hukuruhusu kuchagua mwenyewe kiasi cha uhalisia. Katika ngazi ya chini risasi inakwenda moja kwa moja. Ukipanda ngazi unaongezewa kuanguka kwa risasi, kisha upepo. Ukizuia pumzi, katika ngazi za kawaida, alama nyekundu inakuonyesha risasi itakapotua, na ngazi ya juu kabisa inaiondoa alama hiyo. Mchezaji anajua nini kimewashwa na nini kimezimwa.

Arma haikuelezi. Inakuweka uwanjani na bunduki. Ninauheshimu mchezo huo kwa hilo, lakini ndilo linalozaa maswali kama haya, kwa sababu mtu hajui ni sheria ipi ya maumbile inayomwangusha.

Niongeze kwamba wanaodhani darubini ndiyo kila kitu wamsome Simo Häyhä wa Finland. Katika vita vya majira ya baridi vya 1939 na 1940 alihesabiwa kuwaua zaidi ya askari 500 wa Kisovieti, na bunduki yake ya udunguaji haikuwa na darubini. Alitumia vilengeo vya chuma vya kawaida, kwa sababu darubini humlazimu mtu kuinua kichwa zaidi, na kioo chake humeta juani.

#20 Mpakani_Busia

Hilo la uhalisia lina upande mwingine. Tangu vita vya Ukraine vianze, video za Arma 3 zimekuwa zikisambazwa kama picha za vita vya kweli, hadi Bohemia wakatoa taarifa Novemba 2022 wakieleza namna ya kuzitambua: picha hafifu, kamera inayotikisika, giza, na kutoonekana kwa watu wanaosogea. Katika kundi letu la WhatsApp hapa Busia ililetwa moja ikidaiwa kuwa ya nchi jirani, na wazee waliiamini. Niliitambua kwa moshi tu.

#21 Fundi_Wandegeya

Turudi kwa Mlengaji. Ndugu, ninaomba ufanye jaribio. Fungua kihariri cha mchezo ukiwa peke yako, bila seva, weka ubao mkubwa mita 600 kamili, piga risasi kadhaa bila kugusa chochote kati ya moja na nyingine. Kisha geuka, weka ubao mwingine upande wa pili, urudie. Tupe matokeo.

#22 Mlengaji_Ntinda

Nimefanya usiku huu, umeme ulipotulia. Niliweka ubao kwenye uwanja wa ndege wa Altis, mahali tambarare. Upande wa kwanza risasi zote zilitua ndani ya duara ambalo ningeweza kulifunika kwa mikono miwili, lakini duara lenyewe liko kulia kwa katikati, karibu nusu mita, na chini kidogo. Nikageuka upande wa pili. Bado kulia, ila safari hii pungufu kidogo, na zimetawanyika zaidi. Hakuna hata moja iliyopita juu.

Kwa hiyo ya juu naona Mwalimu ana hoja, kwa sababu hapa umbali niliupima kwenye ramani. Lakini hii ya kulia inanichanganya. Kama ni upepo, nilipogeuka ingepaswa kwenda kushoto.

#23 Kijana_wa_Bombo

Hiyo si upepo wala kompyuta. Ni mzunguko wa risasi yenyewe. Mtutu una michirizi inayoizungusha risasi kuelekea kulia, na risasi inayozunguka kulia huelea kulia kadiri inavyokwenda. ACE inalihesabu jambo hilo. Ukigeukia popote, inakufuata.

#24 Mwalimu_wa_Fizikia_Mbarara

Jambo lenyewe lipo, ila kiasi hakitoshi. Kwa risasi hii, kuelea huko kwa mita 600 ni takriban sentimita 10. Ndugu ameripoti karibu nusu mita. Sentimita 40 zinazobaki zimetoka wapi? Na kwa nini upande wa pili zimepungua? Ukijumlisha kuelea kwa kudumu na upepo mdogo unaobadilika kila unapogeuka, upande mmoja vinaongezana na upande mwingine vinapunguzana, lakini hata hivyo hesabu hainikai sawa, kwa sababu upepo wa kutosha kuongeza sentimita 40 upande mmoja ungezirudisha risasi kushoto upande wa pili.

#25 Afande_Mstaafu_Jinja

Katika uwanja wa shabaha, kijana akiniletea ubao wenye duara dogo lililohama upande mmoja, simwambii habari za upepo. Ninamwambia bunduki yako haijarekebishwa. Duara dogo maana yake mlengaji ni mzuri. Limehama, basi darubini imehama.

Vilevile rafiki yake aliyetaja bahati nasibu hakukosea kabisa. Hakuna bunduki inayotupa risasi zote kwenye tundu moja. Bunduki nzuri sana hutawanya kiasi cha sentimita 3 kwa mita 100, na kwa mita 600 hiyo ni sentimita 17 au 18. Bunduki inayojikoki yenyewe mara nyingi hutawanya zaidi kuliko ile ya kukoki kwa mkono. Kama watengenezaji wameuwekea mchezo mtawanyiko, wameweka kitu kilichopo.

#26 Fundi_Wandegeya

Afande amenifungua macho upande mmoja. Kama ACE imewashwa, kitufe cha Kontroli kikibonyezwa pamoja na Page Up au Page Down huisogeza darubini kulia au kushoto. Mtu anayehama haraka kutoka kitufe kimoja hadi kingine anaweza kuisogeza bila kukusudia, na ikabaki hivyo. Nusu mita kwa mita 600 ni karibu mibonyezo minane. Ndugu Mlengaji, shika bunduki, tazama namba mbili zilizo kwenye kidirisha cha darubini, ya wima na ya mlalo, utuandikie ya mlalo inasomaje.

#27 Mlengaji_Ntinda

Kwangu inaonekana namba moja tu, nayo inasoma 600. Namba ya mlalo siioni popote.

#28 Fundi_Wandegeya

Basi huenda darubini hiyo haitambuliwi na ACE, au ACE haipo kabisa na ni modi nyingine inayogusa risasi. Tuma picha ya orodha nzima ya modi.

#29 Kompyuta_Kwetu_Arua

Au hakuna modi yoyote inayohusika, na ni kipanya. Fanya jaribio lilelile ukitumia mkono wa kushoto.

#30 Upepo_wa_Mbale

Kabla ya mkono wa kushoto, kuna jambo moja ambalo halikufanyika. Upepo katika kihariri haukuzimwa, na kati ya ubao wa kwanza na wa pili hali ya hewa ya mchezo ina nafasi ya kubadilika yenyewe. Fungua mipangilio ya hali ya hewa, weka upepo sifuri kwa mkono, uzuie mabadiliko, upige pande zote mbili. Kisha weka upepo wa mita 4 kwa sekunde kutoka kushoto, upige tena bila kugusa darubini. Duara likibaki palepale mara zote, nitakubali kwamba upepo hauhusiki. Likihama hata sentimita 50, nitamwomba Fundi aeleze ni nini kimelihamisha.

#31 Mlengaji_Ntinda

Nitafanya kesho jioni, nikianza na upepo, kisha mkono wa kushoto, na picha ya orodha ya modi nitaitanguliza asubuhi. Afande, je, ubao uwe wa ukubwa gani ili nione duara zima hata likihama?

#32 Afande_Mstaafu_Jinja

Mita mbili kwa mbili, na alama ya kulenga iwe katikati, nyeusi juu ya nyeupe. Piga tano tano, usizidishe, na uandike kila kundi mara tu baada ya kulipiga.